Jitu Lisilosikia "Usi-"

Kwenu Ndugu Watengenezaji wa mchezo wa video uitwao "Jitu la Wawili",

Kuhusu: Jitu lenu kutoelewa katazo, na madhara yaliyonifika nyumbani kwangu

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba huko kiwandani, au ofisini, au popote yanapotengenezwa majitu, hakuna mtu aliyekanyagwa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha. Sarufi nimeifundisha mpaka chaki ikahamia kwenye mistari ya kiganja na kukataa kutoka. Kwa umri wangu sina haraka, nanyi naomba mnivumilie nieleze taratibu, kwa kuwa jambo lenyewe lina mizizi. Endapo barua hii itafunguliwa na ndugu wa mapokezi ambaye hajawahi kuucheza mchezo wenu, naye asipate taabu: nitamfafanulia njiani.

Mke wangu ni daktari wa meno, naye mstaafu. Tangu afunge kliniki yake, mikono ilikosa kazi. Alianza kupanga vijiko kwa urefu, akahamia vifungo vya mashati yangu, kisha akawa ananitazama mdomoni kila nikipiga mwayo. Binti yetu, ambaye ni mfamasia, aliona hatari hiyo akatuletea mchezo wenu. Alisema, "Mama, hii itakupa kazi ya vidole. Baba, hii itakupa kazi ya mdomo. Mcheze pamoja, mniache nipumue."

Kwa faida ya ndugu wa mapokezi: Jitu ni roboti la chuma lenye urefu wa jengo, na ndani ya kifua chake hukaa marubani wawili. Rubani wa Mikono hushika pedi, yaani kile kidude chenye vitufe, akapiga ngumi, akakamata, akarusha. Rubani wa Miguu hashiki kitu. Huvaa kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo na kuliamuru Jitu kwa sauti: songa, rudi, geuka, ruka, kanyaga, simama. Jitu haliinuki mpaka viti vyote viwili viwe na watu. Mke wangu alichukua Mikono. Mimi nikawa Miguu.

Leo kiti cha Miguu kimekaliwa na fundi bomba wa mtaani kwetu, ambaye kila mtu humwita Koki, na mimi kwenye skrini yenu naandikwa "Mtazamaji". Jumamosi ijayo kuna mashindano ya wawili wawili katika ukumbi ulio juu ya duka la samani, na mke wangu bado hajasema nani atakuwa Miguu yake. Nataka niwe mimi. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mengine yote ni maelezo.

Hata hivyo, mwalimu wa kweli hasahihishi makosa kabla ya kuweka vyema palipostahili vyema. Jitu lenu lina uzito. Michezo mingine niliyoonyeshwa na binti yangu ina maroboti yanayorukaruka kama karatasi kwenye upepo. La kwenu likikanyaga, glasi kabatini kwetu hugongana, na mimi hujikuta nimeshika mkono wa kochi. Kutu ya mabegani imechorwa na mtu anayeijua kutu. Mvua ikinyesha, maji huteremka mgongoni kwa Jitu kwa njia ile ile kila mara, kama yanavyofanya kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Na Jitu likisimama kwa muda, ndege hutua begani, likianza kutembea wakaruka. Yeyote aliyewafikiria ndege hao, mama yake alimlea vizuri. Zaidi ya yote, mchezo unaokataa kuchezwa na mtu mmoja ni mchezo wenye adabu.

Sasa nije kwenye malalamiko.

1. Jitu halielewi "usi-". Katika lugha yetu, ukitaka kumkataza mtu, hutanguliza "usi-" na kuigeuza "a" ya mwisho kuwa "e". Ruka, usiruke. Kanyaga, usikanyage. Mtoto wa chekechea anaelewa, hata kama hatii. Jitu lenu hulichukua neno kama mlaji wa samaki asiye na subira: hukata kichwa, hukata mkia, likala kiwiliwili. Katika "usiruke" linasikia "ruk", nalo huruka.

Tulikuwa kwenye kazi ya kulinda shule. Naomba mlifikirie hilo: mimi, ambaye maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia shuleni, nimepewa shule niilinde. Adui alitusukuma, Jitu likayumba, mguu wa kulia ukawa juu ya paa la madarasa. Nikapaza sauti kwa nguvu zote: "Usikanyage!" Jitu likakanyaga. Nikasema tena, kwa matamshi safi zaidi, nikidhani labda kosa ni langu: "U-si-ka-nya-ge!" Likakanyaga tena, safari hii na maktaba. Kwenye skrini yakatokea maandishi ya dhahabu: KANYAGO MARIDADI!

Mke wangu aliniambia, "Mwalimu, umekanyaga shule."

Nikamwambia, "Nimesema usikanyage!"

Akasema, "Nimekusikia. Na lenyewe limekusikia."

2. Jitu halina subira na sentensi. Baada ya ajali ya shule, niliamua kulisaidia kwa kutumia lugha kamili, maana pengine lilikuwa halijazoea kusemeshwa kwa heshima. Nikasema: "Ewe Jitu, tafadhali, kwa kuwa adui yuko upande wa kushoto, geuka." Kufika kwenye "geuka", adui alikuwa ameshatoka kushoto, akapita mbele yetu, akatupiga, na yuko kulia. Mke wangu akauliza kama nimesema au nimehutubia.

Nikajaribu sharti. Nikasema: "Kama akija, ruka." Hii ni sentensi nzuri, nimewahi kuiweka kwenye mtihani. Jitu lenu halijui "kama". Liliruka papo hapo, adui akiwa hata hajafika, na alipofika sisi tulikuwa tungali hewani, miguu imening'inia, kama nguo kwenye kamba. Tukashukia hospitali.

3. Maandishi ya skrini hayajui Jitu ni nani. Katika pambano moja nimesoma "Jitu limejeruhiwa", kisha "Jitu amechoka", kisha "Jitu imezimika". Chagueni. Wanaosema "li-" wana hoja: ni kubwa na ni la chuma. Wanaosema "a-" wana hoja pia: lina macho na linatembea. Mke wangu ni wa "a-". Anasema kitu kinachokaa sebuleni kwake na kula muda wake wote ni mtu wa nyumbani. Lakini "imezimika" mliitoa wapi? Hilo ni la taa.

4. Jicho la mchezo wenu, yaani ile pembe tunayoangalizia vita, lina woga. Kila pambano linapopamba moto, hujificha nyuma ya jengo. Tunasikia vishindo, tunaona ukuta. Mke wangu anapigana na kitu asichokiona, jambo ambalo anadai amelizoea kwa magego ya mwisho, lakini mimi sikusomea udaktari wa meno.

Tena kazi zenyewe zinafanana. Linda mnara wa maji. Linda daraja. Linda kiwanda cha viatu. Na kila tunachokilinda tunakivunja wenyewe, kisha wakazi hutoka vifusini wakipiga makofi. Hakuna hata mmoja anayeuliza nani atajenga. Nilikaa nikimsubiri mzee mmoja, hata mama mmoja mwenye beseni kichwani, aje mbele ya Jitu na kusema, "Mwanangu, hapo ulipoweka mguu palikuwa jiko langu." Hakuja. Mtu akiniangushia nyumba nami nikampigia makofi, hapo kuna tatizo ambalo si la michezo tena. Mwenye nguvu nyingi kiasi hicho, asiyeelewa katazo, na anayeshangiliwa akikosea, ni hatari. Sitasema zaidi, siasa niliiacha hata kabla ya kustaafu.

5. Jitu linapendelea wasiosema. Hapa ndipo anapoingia Koki.

Koki alikuja kurekebisha bomba la jikoni lililokuwa likitiririsha maji. Alitukuta vitani. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama kando ya kochi nikimweleza mke wangu tofauti kati ya amri na ombi, kwa kuwa nilihisi huko ndiko lilikojificha kosa la watengenezaji, na kipaza sauti nilikuwa nimekiweka mezani ili mikono yangu iwe huru kueleza. Kombora likaja. Koki, na spana yake mkononi, aliinama mezani akasema neno moja: "Ruka!"

Jitu likaruka. Kombora likapita chini.

Mke wangu hakugeuza hata kichwa. Alisema, "Nani huyo? Akae."

Akakaa. Msamiati wake wote unatosha kwenye kiberiti: haya, hapo, ruka, tena, kaza. "Kaza" si amri ya mchezo, ni ya mabomba, lakini nasikitika kuwaarifu kwamba Jitu huonekana kuipenda. Ndani ya juma moja walivuka ngazi ambazo mimi nilikuwa nikizitolea maelezo tu. Mke wangu sasa anamwita "Mguu wangu". Anasema, "Mguu wangu, songa." "Mguu wangu, hapo hapo." Mimi nimekaa kiti cha pembeni, nasikia.

Nimejaribu kumchukia Koki, nikashindwa. Kila akiingia hunipa shikamoo na kuniuliza habari za mgongo, kisha hukumbuka jibu mpaka kesho yake. Bomba halivuji. Jana alinigusa bega akaniambia, "Mwalimu, usijali, mimi nakushikia kiti tu." Nilimwelewa vizuri, kwa sababu mimi si jitu. Lakini mtu anayekushikia kiti huku amekikalia, na kiti kimeshapata umbo lake, inabidi aulizwe anakishikia mpaka lini.

6. Madhara yametoka kwenye skrini yakaingia kwenye nyumba. Ni kweli kwamba mke wangu hakuwa msemaji wa sentensi ndefu hata zamani. Kazi yake ilikuwa "Panua", "Tema", "Panua zaidi". Tulijuana nikiwa mgonjwa wake. Nilikuwa nikimweleza asili ya neno "jino" akiwa ameshika koleo, naye akaniambia "Tulia". Nikampenda hapo hapo, na tangu siku ile najitahidi kutulia. Kwa hiyo simsingizii. Lakini zamani baada ya "Tulia" kulikuwa na mazungumzo. Alikuwa akiniuliza maana ya maneno ya kwenye gazeti akiwa anazijua, ili tu nieleze.

Sasa mchana kutwa ni Jitu. Juzi nilisema, "Naomba, kama haitakuwa usumbufu, na kama maji bado ni ya moto, nipatiwe chai." Akajibu macho yakiwa kwenye skrini, "Kitenzi kiko wapi?" Koki akasema, "Dokta, chai," na chai ikaja, yake na yangu, mimi nikanywa kwa mgongo wa neno lake. Muuza matunda wa pale kona, ambaye mke wangu amemfundisha mchezo huu dirishani kwetu, haniambii tena "Karibu mzee, leo kuna nini nyumbani?" Ananiambia, "Chagua." Tukiendelea hivi, watoto watakua wakijua amri tupu: hakuna "tafadhali", hakuna "kama", hakuna "usi-". Watafungua midomo kwa daktari na kwa kula, basi. Vitabu vya sarufi vitafungiwa maandazi. Na chanzo kitakuwa ninyi.

Kwa hayo yote, nawaomba kwa heshima mlirudishe Jitu darasani. Lifundishwe katazo kwanza, sharti baadaye, na adabu siku zote. Niko tayari kulifundisha mwenyewe bila malipo. Likae nyuma kwa sababu ya urefu wake, lisizibe wenzake. Nawaomba pia msimpe mtu yeyote Miguu mpaka awe ameweza kukanusha vitenzi kwa nyakati zote, mbele ya mtahini. Mtahini naweza kuwa mimi. Na mpaka masahihisho hayo yakamilike, naomba mchezo wenu ukatae kuinuka endapo Mikono na Miguu hawajafunga ndoa. Najua hili litawatoa wachezaji wengi, wakiwemo ndugu, marafiki, na watoto wote duniani. Lakini Jumamosi iko karibu, nami sioni njia nyingine ya haraka.

Mwisho, naomba shule ile ijengwe upya, na maktaba iwe na dirisha upande wa asubuhi.

Nisalimieni mtu wa kutu. Nisalimieni aliyerekodi vishindo vya miguu, na mumwambie glasi zetu bado ni nzima. Msalimieni kwa namna ya pekee yule wa ndege, na mama yake. Mlinzi wa getini, mpika chai wenu, na ndugu wa mapokezi ambaye nadhani tumeshakuwa marafiki, wote wapeni salamu zangu. Mwandishi wa "imezimika" naye msalimieni. Sina kinyongo, nina masahihisho tu.

Ni mimi, ninayesubiri majibu nikiwa kwenye kiti cha pembeni,

Mtazamaji

Nyongeza: Kwa kawaida barua zangu zote husomwa na mke wangu kabla hazijafungwa, kwa sababu mimi hurukaruka alama za mkato. Nilimpa na hii. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaweka alama moja ya mkato, akanirudishia. Mtu anaweza kuvumilia kupingwa. Kuwekewa mkato tu kunauma. Nikainuka nikasema maneno ambayo sikuyapanga: "Basi usiniite tena kwenye huo mchezo wako. Usinitafute, usinisubiri, na Jumamosi usinishikie kiti!" Nikatoka uani, nikaanza kumwagilia mimea ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa.

Nikiwa huko nilimsikia akiongea na simu, na baadaye akaita, "Mwalimu! Njoo." Nikaenda, maana ilikuwa amri yenye kitenzi. Akaniambia amepiga simu ukumbini na kuwatajia marubani wake wa Jumamosi: Mikono, yeye; Miguu, mimi. Koki alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha pembeni, anacheka mpaka mabega yanacheza, akisema, "Mwalimu, karibu kitini. Mimi nakuja kupiga makofi tu, hata ukivunja nini."

Nikasema, "Lakini si nilikwambia usiniite, usinitafute, usinisubiri..."

Mke wangu akasema, "Nilisikia kuanzia kwenye kitenzi."

Ndugu zangu, nililifanyia kazi jibu hilo usiku kucha kwa sarufi yangu yote. Kata "usi-" kwenye "usiniite", kinachobaki ni "niite". Kata kwenye "usinisubiri", kinabaki "nisubiri". Kisarufi hana kosa hata moja. Miaka yote nimefundisha katazo ubaoni, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia kwamba ndani yake limelala ombi. Sasa hivi yuko kwenye kochi, pedi mkononi, ananiita tena. Amesema, "Mguu wangu, kalamu chini." Mashindano ni keshokutwa na sijui bado kuruka.

Kwa hiyo naomba mfute malalamiko yangu yote, isipokuwa la tatu. Jitu liacheni kama lilivyo. Msilirekebishe. Na katika neno hilo, ndugu zangu, nawasihi sana, muisikie hiyo "msi".